Je, sadaka inayotolewa kwa huzuni inampendeza Mungu?

Binti wa Njombe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nina swali ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, na ningependa lijibiwe na watu wanaoyasoma Maandiko kwa makini, hasa wale waliowahi kupita mahali nilipo mimi sasa.

Nilikuwa nafundisha katika shule ya binafsi jijini Arusha. Baba yangu alipopata kiharusi, akapooza upande wote wa kulia na kubakiwa na maneno machache tu, kikao cha ukoo kiliketi na kuamua kwamba mimi, kwa kuwa sijaolewa, ndiye nirudi nyumbani kumtunza. Nilikubali. Hakuna aliyenishikia fimbo, lakini pia siwezi kusema kwamba nilipewa nafasi ya kukataa. Tangu hapo siku yangu huanza kabla ya jogoo kuwika: namgeuza ubavu, namsafisha, namvalisha shati kwa kuanza na ule mkono uliopooza ndipo niumalizie mkono mzima, kisha namnywesha uji kijiko kwa kijiko, nikisubiri ameze kabla ya kumwongeza kingine, maana akiharakishwa hupaliwa. Nampenda baba yangu. Lakini furaha sina. Nina uchovu, na siku nyingine nina hasira ambayo naionea aibu mbele za Mungu.

Juma lililopita tulihubiriwa Wafilipi 4:4, “Furahini katika Bwana siku zote, tena nasema, Furahini,” na mhubiri akaongeza kwamba Mkristo anayehudumu kwa uso uliokunjamana anamnyima Mungu utukufu wake. Kisha akasoma 2 Wakorintho 9:7, kwamba Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu. Nilikuwa nimeketi pamoja na wanakwaya wenzangu, na wimbo uliofuata sikuweza kuuimba.

Swali langu ni hili. Ikiwa Mungu humpenda atoaye kwa moyo wa ukunjufu, je, hiki ninachokitoa mimi kwa huzuni anakikataa? Na Mtume Paulo alipowaagiza watu wafurahi katika dhiki, alikuwa akiwataka wawe na furaha ya namna gani?

Mwinjilisti Mstaafu

Mwanangu, Bwana asifiwe sana. Nimekuwa mwinjilisti wa usharika kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na aya hizo mbili nimezihubiri mara nyingi. Nianze na ile ya pili, kwa sababu ndiyo iliyokujeruhi.

Sura ya 8 na ya 9 za Waraka wa Pili kwa Wakorintho zinahusu mchango. Watakatifu wa Yerusalemu walikuwa wahitaji, na Paulo alikuwa akiyahimiza makanisa ya Mataifa yawasaidie. Wakorintho walikuwa wameanza jambo hilo tangu mwaka uliotangulia, kisha wakalegea. Paulo angeweza kuwabana kwa mamlaka ya utume wake, lakini hakutaka; anasema waziwazi kwamba haneni ili kuwaamuru, na katika kuendelea na habari hiyo ndipo anapoandika: “Kila mtu na atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala si kwa lazima.” Maneno hayo yanamlinda mtoaji dhidi ya wale wanaotaka kumshurutisha. Kuyachukua na kumchapa nayo mtu ambaye amekwisha kutoa kazi yake, usingizi wake na nguvu za mwili wake ni kuigeuza aya kichwa chini miguu juu. Kama kuna wanaopaswa kuhojiwa na aya hiyo katika habari yako, ni wale waliokuamulia katika kikao kile, wala si wewe unayemwinua baba yako kabla ya jua kuchomoza.

Sasa nije kwa Wafilipi. Ni kweli kwamba waraka huo umejaa furaha kuliko karibu nyaraka nyingine zote za Paulo, na ni kweli kwamba aliuandika akiwa amefungwa. Tena anawaandikia watu wa mji ambao yeye mwenyewe alipigwa kwa bakora, akatupwa katika chumba cha ndani cha gereza, miguu yake ikafungwa kwa mkatale, naye pamoja na Sila wakamwimbia Mungu usiku wa manane, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume sura ya 16. Waraka ule uliposomwa mbele ya kanisa, huenda yule mlinzi wa gereza aliyewaosha majeraha yao alikuwa ameketi papo hapo akisikiliza. Kwa hiyo Paulo hakuwa akisema na watu wasiojua dhiki yake.

Lakini usome waraka huo wote, usiishie kwenye ile aya moja. Katika sura ya 2 Paulo anaeleza jinsi Epafrodito, aliyetumwa na Wafilipi kumhudumia, alivyougua karibu kufa, na jinsi Mungu alivyomhurumia yeye pamoja na Paulo mwenyewe, asije akapata “huzuni juu ya huzuni.” Angalia vizuri: mtu anayeamuru furaha siku zote anakiri kwamba huzuni moja tayari alikuwa nayo, na kwamba ya pili ingemlemea. Katika sura ya 3 anaandika kwa machozi. Katika sura ya 1 anasema ana shauku ya kuondoka akakae na Kristo, na kwamba amesongwa katikati ya mambo mawili. Wala hakuwaambia Wafilipi wafurahie minyororo. Alifurahi kwa sababu Kristo alikuwa akihubiriwa, kwa sababu wao walishirikiana naye katika Injili, na kwa sababu Bwana aliyemshika alipokuwa akilitesa kanisa hakuwa amemwachilia sasa akiwa kifungoni. Furaha hiyo na machozi yale vilikaa ndani ya kifua kimoja, wala kimoja hakikumfukuza mwenzake. Bwana wetu mwenyewe alisema Gethsemane kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, na sadaka aliyoiendea usiku ule haikukataliwa.

Nakusihi, mwanangu, usiipime sadaka yako kwa jinsi uso wako unavyoonekana.

Mhujaji wa Kagera

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, na nimesoma maelezo ya Mwinjilisti kwa shukrani. Ningependa kuongeza jambo kutoka kwa Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, kwa sababu sisi wa upande huu wa ziwa tumekua tukisimuliwa habari zao, na kila tarehe 3 Juni wapo kati yetu wanaovuka mpaka wa Mutukula kwa miguu kwenda Namugongo, mahali walipochomwa moto.

Mwezi wa Novemba mwaka 1885, Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, baada ya kumkemea kabaka huyo kwa sababu ya kuuawa kwa Askofu James Hannington. Karoli Lwanga alichukua nafasi yake ya kuwaangalia vijana wa ikulu. Mwezi wa Mei mwaka uliofuata hasira ya kabaka ilipowaka, Lwanga aliwabatiza usiku wale waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanaofundishwa ili wabatizwe, akiwamo Kizito, kijana wa miaka kama 14. Mapokeo yanasema kwamba Kizito alikuwa na hofu, na Lwanga akamwahidi kwamba saa itakapofika watashikana mikono. Walihukumiwa Munyonyo, wakafungwa kamba na kuswagwa hadi Namugongo, na huko waliwekwa kifungoni karibu juma zima wakati kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana, Lwanga alitengwa akachomwa peke yake kwa moto wa polepole ulioanzia miguuni, na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana kwa pamoja, walifungwa ndani ya matete wakateketezwa. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Wahubiri wengi hupenda kusimama kwenye siku ile ya moto. Mimi, kila ninapofika Namugongo, mawazo yangu hukaa zaidi kwenye lile juma la kungoja. Siku ya moto ilikuwa na mwisho wake, lakini lile juma lilikuwa la pingu, la njaa na la kusikia kuni zikitupwa juu ya kuni, na hakuna ushujaa wa ghafla unaoweza kumbeba mtu siku zote hizo. Walionusurika walisimulia kwamba vijana wale walisali pamoja na kutiana moyo, na kwamba asubuhi ile walisalimiana kwa uchangamfu uliowashangaza wauaji. Naamini furaha ile haikutoka ndani ya kila mmoja peke yake. Walipeana. Kizito hakuambiwa aache kuogopa, alipewa mkono.

Dada yangu, hali yako inafanana zaidi na lile juma kuliko na ile siku. Unangoja, na kesho ni ileile ya leo. Swali ambalo ningekuuliza ni hili: katika kungoja kwako, nani amefungwa pamoja nawe? Kama jibu ni kwamba hakuna, basi kukosa kwako furaha si dalili ya imani haba. Ni dalili kwamba umeachwa peke yako katika jambo ambalo hata mashahidi hawakuachiwa walibebe peke yao.

Mjukuu wa Uamsho

Bwana asifiwe. Naandika kutoka Murang'a, Kenya, na naomba niseme tofauti kidogo na ndugu waliotangulia, bila kuwadharau. Nahofia kwamba tukienda hivi tutaishusha amri ya Mungu mpaka iwe ushauri tu kwa watu wenye nafasi. Yakobo anasema, “Ndugu zangu, hesabuni ya kuwa ni furaha tupu, mkiangukia katika majaribu mbalimbali.” Aliwaandikia watu waliotawanyika, wengi wao maskini, na hakuwaruhusu wangoje mpaka mambo yatengemae.

Nyanya yangu alikuwa wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho uliotoka Rwanda na Uganda ukaingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, ndugu wengi wa Uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, wale waliopigana na serikali ya kikoloni, wakisema kwamba wameinywa damu ya Kristo na hawawezi kuichanganya na nyingine. Wengi wao hao hao walikataa pia kubeba silaha upande wa serikali. Walichukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Nyanya alitusimulia jinsi walivyokutana usiku katika nyumba moja, wakilia kwa ajili ya mwenzao aliyezikwa siku ile, na jinsi walivyoimba kabla ya kuachana. Hakuwahi kusimulia habari hiyo kana kwamba kulia kulikuwa dhambi. Lakini pia hakuwahi kusema kwamba furaha ilikuwa hiari.

Siri yao ilikuwa kutembea nuruni. Mtu alipokuwa na chuki kwa jirani aliyemsaliti, aliisema mbele ya ndugu, akaomba utakaso, akawekewa mikono. Dada, umesema una hasira unayoionea aibu. Nakushauri usiifiche. Ipeleke kwenye ushirika, iseme kwa jina lake, hata kama inawahusu ndugu zako wa damu au baba mwenyewe, na uone kama furaha haitaingia mahali ambapo hasira ilikuwa imefunga mlango. Nyanya alikuwa akisema kwamba jambo lililofichwa huoza na watu wote nyumbani huisikia harufu yake.

Muuguzi wa Kisumu

Ninakubaliana na ndugu wa Murang'a kwamba hasira isifichwe, lakini sikubaliani kwamba mahali pa kwanza pa kuipeleka ni kwenye toba. Kazi yangu ni kuwatembelea wagonjwa majumbani, na nimewaona mabinti, wake na wakwe wengi walio katika hali hii hii. Mgonjwa aliyepooza asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya kulalia. Maana yake ni kwamba anayemtunza peke yake hapati usingizi wa kutosha hata usiku mmoja. Baada ya miezi kadhaa mtu huyo hulia ovyo, hukasirika kwa kijiko kilichoanguka, na husahau dawa. Tukimwambia kwamba tatizo lake ni la kiroho tunamwongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Someni 1 Wafalme sura ya 19. Eliya alipokwisha kuchoka akaomba afe, malaika hakumkemea wala hakumtaka afurahi. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha mara ya pili na kumwambia, “Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako.” Mazungumzo kuhusu huduma yake yalikuja baadaye, kule Horebu, alipokuwa amekwisha kula na kulala.

Jambo jingine ambalo sijasikia likihubiriwa vya kutosha liko katika sura ile ile ya Wafilipi. Baada tu ya kuamuru furaha, katika aya ya 10, Paulo anasema kwamba yeye mwenyewe alifurahi sana katika Bwana. Alifurahishwa na nini? Wafilipi walikuwa wamemletea msaada. Anawakumbusha kwamba hata alipokuwa Thesalonike walimpelekea zaidi ya mara moja, na kwamba walifanya vema kushiriki naye katika dhiki yake. Ni kweli anasema amejifunza kuwa radhi katika kila hali. Hata hivyo kanisa halikuridhika kumwacha hivyo, likafunga mzigo na kumtuma mtu safari ndefu. Kanisa linalomhubiria dada huyu furaha bila kumtumia mtu wa kukesha na mzee hata usiku mmoja kwa juma limesoma aya ya 4 na kuiruka ya 10.

Kwa hiyo, dada, ushauri wangu ni wa kawaida sana. Omba kikao cha ukoo kiketi tena, na safari hii uende na maandishi: saa za kugeuzwa, gharama za nepi na dawa, siku za kliniki, na zamu ambazo ndugu wengine watachukua au kulipia mtu azichukue. Mwombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini akufundishe namna ya kumwinua baba bila kuumiza mgongo wako. Waambie wanajumuiya waje kwa zamu, wasije wote siku moja kuimba na kuondoka. Kutaka kusaidiwa hakuipunguzi sadaka yako hata kidogo.

Binti wa Njombe

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimesoma majibu haya usiku, baba akiwa amelala, na nimeyarudia tena leo. Sikuwa nimewahi kuona kwamba Paulo alikuwa na huzuni yake katika waraka ule ule, wala kwamba furaha yake ililetwa kwa sehemu na watu waliomtumia msaada. Nimekwisha kumwandikia kaka yangu mkubwa kuomba kikao, na nimeeleza saa za usiku kama Muuguzi alivyoelekeza. Ndugu wa Murang'a, nitaisema hasira yangu pia, ingawa nitaanza na mama mmoja wa jumuiya ninayemwamini kabla ya kuisema mbele ya watu wote.

Limebaki jambo moja. Baba hulia ninapomgeuza. Sijui kama ni maumivu au ni kunionea huruma, maana maneno yake ni machache na hayatoki yakiunganika. Mimi hujikaza nikatabasamu ili asijione kuwa mzigo. Je, nitafanya vyema kumwambia kwamba nimechoka, au niendelee kumficha?

Muuguzi wa Kisumu

Kwanza mwambie daktari kuhusu kilio hicho. Bega la upande uliopooza huuma sana likivutwa, kwa hiyo mgonjwa asiinuliwe kwa kushikwa mkono au kwapa la upande huo. Tena kiharusi chenyewe huweza kumfanya mtu alie kwa urahisi kuliko alivyozoea, hata pasipo huzuni kubwa, na vilevile huweza kuleta sonona inayotibika. Yote matatu yanachunguzika. Mambo mengine namwachia Mwinjilisti.

Mwinjilisti Mstaafu

Mwanangu, nimerudi tena kwa Epafrodito, kwa sababu aya ya 26 ya sura ile ya 2 inasema jambo ambalo wengi hulipita haraka. Epafrodito alihuzunika sana kwa sababu Wafilipi walikuwa wamesikia kwamba alikuwa mgonjwa. Huzuni yake ilikuwa juu ya wale waliokuwa wakimhangaikia. Yumkini baba yako naye yuko hivyo. Alikulea, alikusomesha, na sasa anakuona ukipoteza miaka yako juu ya kitanda chake, na hana maneno ya kulisema hilo. Tabasamu unalojikaza nalo huenda analijua vizuri kuliko unavyodhani, kwa sababu ni mzazi wako.

Kwa hiyo mwambie. Usimwambie wakati wa kumgeuza wala wakati wa hasira, bali jioni, ukiwa umeketi. Mwambie kwamba umechoka, kwamba hujutii kuwa naye, na kwamba umeomba ndugu zako wasaidie. Kisha umwombe akuombee. Nasema hivi nikimaanisha kabisa: mtu aliyepooza hajaondolewa katika ukuhani wa waamini wote, na mzee aliyebakiwa na maneno machache anaweza kulitamka jina la Bwana au kukuwekea kichwani ule mkono mzima. Mpe pia majina ya wagonjwa wa jumuiya awaombee kila siku, ili awe na kazi ya kufanya katika kanisa lake wakati wewe unafanya ya kwako. Mnatoa wote wawili, na mpaka sasa umekuwa ukidhani kwamba mtoaji ni wewe peke yako.

Kuhusu kikao, usiende bila mtu mzima wa kanisa kando yako. Mwite mzee wa kanisa wa mtaa wenu mapema, kabla tarehe haijapangwa, umsomee ile orodha ya saa za usiku, naye aketi pale kama shahidi wa yatakayokubaliwa.